Jembe la Siku ya Tatu

Shamte alipiga hesabu mara tatu kwenye simu, kisha akamwambia mama yake kwamba nauli ipo, ila pa kulala hapapo. Kuiona miji mitatu inayosifiwa kuliko yote nchini, siku nne kila mmoja, hoteli zingekula kila kitu.

"Nani kakwambia nalala hotelini?" aliuliza Bi Arafa. Alikuwa na miaka sitini na sita na hajawahi kutoka mjini pao, maana mkunga hawaachi wajawazito wake. "Kwenye mji wa bandari yupo Rukia, niliyemtoa akitanguliza miguu. Kule milimani wapo wale pacha wa fundi saa. Mji mkuu yupo Arafa mdogo, aliyepewa jina langu. Nikibisha hodi, nani atanifungia mlango?"

"Hakuna. Lakini mgeni siku mbili, mama. Ya tatu..."

"Mpe jembe akalime. Methali hiyo nilikufundisha mimi."

Aliingia stoo, akatoka na jembe lake lisilo na mpini, akalisugua kwa majivu mpaka likameta.

"Mama, Rukia anakaa ghorofa ya nne. Utalima wapi?"

"Hilo ni lake. Langu ni kwamba nimekwenda nalo."

Akalifunga kwenye kanga mpya aliyoitunza kwa ajili ya mji mkuu, akalilaza juu ya nguo zote, ili begi likifunguliwa lionekane kwanza. Zipu ikakataa kufika mwisho. Bi Arafa aliitazama ncha ya jembe ikichungulia nje, akaiacha.