Mwandishi wa Pili

"Huyu siye aliyeandika mwanzo," alisema Profesa Wiesenhöfer, akaupiga mstari wa nne kalamu nyekundu.

Kalamu hiyo ilikwisha kumpokonya Mtume Paulo barua kadhaa, ikidai si yeye aliyeziandika, na kitivo kizima cha teolojia kiliiogopa kuliko kilivyomwogopa Mungu. Leo ilikuwa imeangukia hati ya ukurasa mmoja tu.

"Soma tena, Bwana Hinrichs."

Hinrichs, msaidizi wake, alisita. Mkataba wake wa mwaka mwingine ulikuwa pale pale mezani, kando ya kopo la chakula la Profesa, bado haujatiwa sahihi. Nyumbani alikuwa na mapacha wa miezi minne.

"'Mpenzi wangu, nimekungoja miaka thelathini. Kila siku chakula kinapoa mezani.'"

"Unaona? Miaka thelathini baada ya msalaba, waumini wamechoka kumngoja Bwana arudi. Na meza hiyo ni Meza ya Bwana. Hata mtoto angeona. Endelea."

"'Njoo kabla ya saa nane. Ukichelewa, hutaniona tena.'"

"Mwandishi wa pili! Anayeanza na 'mpenzi wangu' hawezi kumaliza hivyo. Kuna mpenda vitisho kaja baadaye kubandika mkia wake."

Hinrichs aliitazama saa ya ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi.

"Samahani, Profesa. Na kama ni mtu mmoja? Mtu aliyechoka tu? Na kama saa nane ni saa nane?"

Profesa alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Ama kweli, asiyejua maana haambiwi maana! Miaka mia mbili kitivo hiki kinatoka jasho ili saa nane isiwe saa nane. Wewe ukitaka kuamini maneno kama yalivyoandikwa, nenda shule ya Jumapili, huko wanagawa na biskuti." Aliusukuma mkataba kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza. "Haya, waandishi wangapi?"

Hinrichs aliutazama mkataba pale ukingoni. Mwoga ni mwoga tu, hata akisoma Kigiriki miaka tisa.

"Niambie, bwana. Wangapi?"

"Wawili, Profesa."

"Sasa umesema kitu."

Akauvuta mkataba, akatia sahihi kwa kalamu ile ile nyekundu, bila haraka, na tarehe juu yake. Hinrichs aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru mara tatu, macho yake yakiwa sakafuni.

Kengele ya kanisa iligonga saa nane. Huko chini treni ya Stuttgart ilipiga honi, ikauvuka mto Neckar.

Profesa aliikunja hati vizuri, akairudisha ndani ya kopo la chakula, mle mle alimoikuta mchana ule badala ya mkate, juu ya pete ya ndoa ya mkewe.