Shamba Kando ya Tshangalele

Waliokuwapo ni wanne: Mama Gertrude, mjane, akiwa kitandani; Placide, mwanawe wa kwanza, fundi aliyeachishwa kazi kiwandani; Hervé, mdogo wake, aliyefikwa na yaleyale; na Fidélie, binti aliyewalisha wote kwa kuuza makaa sokoni Kikula.

Placide alikuwa amerudi kutoka Ziwa Tshangalele mikono mitupu. Wakuu walikuwa wametangaza kwamba waliopoteza kazi mjini watagawiwa ardhi huko, naye alikwenda na hati yenye muhuri. Wanakijiji waliisoma kwa adabu, wakamrudishia, kisha wakang'oa mahindi aliyokuwa amepanda mapema kabla ya mvua.

"Chifu alisema nini, yaya?" Hervé alimuuliza kaka yake.

"Alisema karatasi haina kaburi. Kwao, muntu akifia pale, wanamuzika pale, na hakuna wa kufukuza watoto wake. Baba yetu alizikwa huku mujini. Sisi tuko wapita njia."

"Basi minye nitaoa kule!"

"Nani atakukubali?" Fidélie alimdhihaki. "Hata jembe haujue kushika!"

Walicheka kidogo. Unga ulikuwa umekwisha tangu jana. Placide alieleza kwamba mvua ziko karibu. Iwapo hawatapanda sasa, shamba litapewa wengine. Mtu mmoja angefukuzwa tena. Ilibidi waende wote.

"Na mama?" Fidélie aliuliza.

Daktari alikwisha kuonya kwamba moyo wa Mama Gertrude hautastahimili baridi ya ziwani. Hervé alipendekeza aachwe kwa jirani, Fidélie alikataa. Placide aliona afadhali wabaki wote, wafe njaa pamoja.

"Placide," mama aliita. "Ile udongo iko nguvu kwa kuchimba?"

"Hapana, mama, iko laini. Jembe inaingia yenyewe."

"Mayi ya ziwa inafikaka pale?"

"Haifike. Ni juu kidogo, pakavu."

"Vizuri."

"Mama naye anataka kulima!" Hervé alisema, akimshika mkono kwa upendo.

Mama Gertrude aliomba ainuliwe. Alikaa wima, akawatazama mmoja mmoja, kisha akawatangazia:

"Nimekata shauri. Kesho mutanipeleka minye kule ziwani. Sanduku ya maiti ya muntu wa mujini, watairudisha. Lakini mugonjwa, hakuna atakayemufungia mulango. Muharakishe, nikiwa bado na pumzi."