Salamu za Saa Moja Asubuhi

Redio Kichangani FM ilianzia kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na mume wangu Shebughe ndiye aliyetuma kadi ya kwanza ya salamu. Siku hizi haina mtangazaji. Ina mtambo unaotunza sauti za wanachama wote wa klabu ya salamu na kuwatungia salamu mpya kila siku, na kanuni yake ni moja tu: kufa si sababu ya mtu kufutwa uanachama.

Basi mwaka wa sita huu, kila saa moja asubuhi, marehemu wangu ananisalimu. "Salamu zimfikie mke wangu Zamda. Ujumbe: usisahau dawa ya presha." Mkorofi vilevile, hata huko aliko! Nami humeza dawa huku nikimsonya.

Leo nilikuwa nakoroga uji aliposema: "Nikiwa hapa pamoja na mke wangu Zamda, tunamsalimu binti yetu Mwanahawa, popote alipo. Ujumbe: usilie."

Nikauweka mwiko kando.

"Baba Mwanahawa," nikaiambia redio, "umeanza haraka zako. Uji wenyewe haujaiva."

Simu ikaanza kuita. Alikuwa Mwanahawa. Nilipokuwa nainyanyua ndipo nikakumbuka kwamba leo baba yake hakunikumbusha dawa.