Daftari la Vitu Vilivyosahauliwa

"Sitoki," alisema fundi cherehani, na kiganja chake kikatua juu ya meza ya mapokezi hata kalamu zikaruka. "Mwiteni meneja, mwiteni polisi, mwiteni mnayemtaka. Leo mtaniambia mama yangu aliiba nini hapa."

Binti wa mapokezi aliwatupia jicho wageni waliokuwa wakipita na taulo mabegani, wanatoka baharini, mchanga unawadondoka. Akashusha sauti.

"Dada, mimi mambo hayo sikuwa hata nimezaliwa. Nenda stoo, huko nyuma, karibu na kwa dobi. Yupo mzee mmoja. Wa enzi zile amebaki yeye tu."

Fundi akashika ujia wa nyuma, ule ambao wageni hawauoni, wenye mabomba ya maji moto na harufu ya sabuni. Alikuwa akiomba moyoni, lakini maombi yenyewe yalikuwa ya kigomvi: Ee Mungu, nishike ulimi, na kama hutaki kunishika, basi nipe maneno makali.

Jana waumini walikuja kumwombea mama yake, ambaye kiharusi kimemlaza mwezi wa tatu sasa bila kutoa neno. Walipofumba macho tu, mama mkubwa, dada wa mama wa tumbo moja, akapaza sauti: "Na ule wizi wa hotelini, Bwana, umsamehe kabla hujamchukua." Watu wakaitikia amina! Fundi alikuwa ameshika bakuli la maji. Aliliweka chini polepole, asije akalirusha.

Maneno hayo amekua nayo. Mama alitandika vitanda vya ghorofa ya pili miaka tisa, akafukuzwa ghafla kwa wizi. Wizi wa nini, hakuna aliyemwambia. Mama mwenyewe, alipokuwa bado anasema, ukimuuliza alicheka kidogo, akaendelea na shughuli yake. Hakukana hata mara moja, na hilo ndilo lililomchoma fundi kuliko yote. Mtu asiye na hatia ananyamaza kwa nini?

Alimkuta mzee wa stoo akipanga mito.

"Nataka kujua mama yangu alifukuzwa kwa nini."

"Hata shikamoo hakuna, mwanangu?"

"Shikamoo," ikamtoka kati ya meno.

"Marahaba. Mama yako nani?"

Alipotaja jina, mzee aliuweka chini mto aliokuwa nao. Akamtazama usoni, akatazama kando, akamtazama tena.

"Mzima?"

"Hasemi. Wanaosema ni wengine, kwa sababu ninyi mlimwita mwizi."

"Mimi sikumwita. Mimi niliandika tu." Mzee akaelekeza kidevu kwenye rafu ya juu. "Hapa, mgeni akishaondoka, chochote kinachokutwa chumbani huletwa stoo na kuandikwa. Meno ya bandia, wigi, kiatu kimoja. Kinakwenda wapi, anaamua meneja. Mama yako alileta, nikaandika, nikageuka kumpigia meneja simu. Nageuka tena, hayupo. Mlinzi alimwona akitokea mlango wa dobi, bado na sare, kakumbatia kapu la mashuka."

"Ahaa! Sasa na mashuka pia!" Fundi alicheka kicheko kibaya. "Miaka tisa anawasugulia vyoo, hamjamkuta na hata kipande cha sabuni. Siku moja tu, mwizi! Kilikuwa nini? Saa? Pete?"

"Rudi nyumbani, mwanangu. Kakae na mama yako."

"Nitakaa naye nikiwa na jibu. Kama ni saa, nitanunua saa. Kama ni pete, nitauza cherehani yangu ninunue pete, nije niwatupie hapa mezani, na mama mkubwa awepo aone. Nataka mama afe msafi. Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa. Lakini hicho huwezi kukinunua."

"Usinipimie mfuko! Lete daftari."

Mzee alipanda ngazi fupi, magoti yakilia, akashuka na daftari pana lenye jalada gumu. Hakuhangaika kutafuta ukurasa. Aliliweka juu ya mito, likafunguka lenyewe mahali pamoja, kama kitu kilichozoea kufunguliwa hapo. Kisha akaenda kusimama mlangoni, amewapa mgongo wote wawili, fundi na daftari.

Fundi akaanza na tarehe. Akairudia. Siku, mwezi na mwaka vilikuwa vile vile vilivyo kwenye kitambulisho chake. Damu ikampanda kichwani.

"Wanyama ninyi!" akapiga kelele. "Mlimfukuza siku aliyonizaa! Mtu ana uchungu wa kujifungua, ninyi mnamsingizia wizi!"

Mzee hakugeuka. "Soma, mwanangu."

Akasoma, kidole kikifuata mistari. Chumba 17, mwavuli. Chumba 20, miwani ya jua, kioo kimoja kimevunjika. Kisha kidole kikafika kwenye jina la mama yake, na fundi akainama zaidi.

"Chumba 24. Mgeni: mwanamke, peke yake, ameondoka alfajiri, hakuacha anwani. Kilichosahauliwa: mtoto mchanga wa kike, amefungwa taulo la hoteli, anapumua." Na pembeni, kwa wino mwekundu wa meneja: "Ameibwa na mhudumu."