Tundu la Namba Saba

Fuwele ya sita ya protini iliyeyuka fundi wa maabara akiitazama kwenye hadubini. Ikabaki moja, ndogo kuliko chembe ya chumvi.

“Huyu Namba Saba!” alisema. “Hata protini yake ina maringo, utadhani bibi harusi.”

“Tuliza mkono,” bosi alimjibu. “Maneno utayamalizia nyumbani.”

Wagonjwa hawakuwa na majina mle maabarani, ni namba tu, na fundi alizitania zote. Saba ndiye aliyemtoa jasho. Damu yake bosi aliileta mwenyewe, chupa ingali na joto. Ilikuwa na saratani. Kimeng'enya kinachotia alama kwenye histoni, zile protini ambazo vinasaba huzungushiwa kama uzi kwenye kibiringo, kilikuwa kimebadilika. Dawa ya kukizima ilikuwepo. Swali lilikuwa moja: je, bado kina tundu la kuipokea? Bila fuwele, hakuna ambaye angejua.

Fundi aliinasa ile iliyobaki kwa kitanzi cha nailoni, akaigandisha, akaipitishia eksirei.

Kesho yake alasiri umbo la kimeng'enya likajitokeza kwenye kompyuta, likizunguka taratibu. Bosi alikaa pembeni na sweta lake, joto lote lile. Fundi akalikuza umbo. Akalikuza tena. Penye tundu pamezibwa. Asidi amino moja, tofali moja tu la protini, imekaa mlangoni kama baunsa.

“Bosi, tumeula!” Akapiga meza. “Hili halijawahi kuonwa na mtu! Jarida gani litatukataa?”

“Dawa haiingii?”

“Hata uigongomee kwa nyundo. Saba wa watu aandike wosia tu.”

“Una hakika?”

“Kama ninavyolijua jina langu.”

Bosi alipapasa pale palipozibwa kwa ncha ya kidole, juu ya kioo cha kompyuta. Kuona hivyo, kicheko kikamkatika fundi; akaona haya, akavuta simu ya mezani.

“Ngoja nimpigie daktari wake. Maskini, lazima aambiwe.”

“Usihangaike, mdogo wangu. Ameshaambiwa.”

“Na nani tena? Majibu hayana hata dakika tano!”

Bosi alikuwa anafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, hadi shingoni.

“Na wewe.”