Mstari Mfupi

Sumayah alikuwa amebakiza kubandika gazeti moja tu ukutani, vidole vikimnata kwa uji wa muhogo aliotumia kama gundi, alipoiona kasoro.

Maandishi yote ya darasani sharti yafunikwe kabla ya mtihani wa taifa. Iliyobaki ilikuwa kanuni ya kutatua milinganyo ya kipeo cha pili. Aliiandika mwenyewe wiki iliyopita, kwa rangi nyekundu, akawaambia wanafunzi wake, "Ikaririni kama ilivyo."

Mstari wa kugawanya ulikuwa mfupi. Ulianzia chini ya alama ya kipeuo, ukaiacha hasi b nje, ilhali vyote vilipaswa kugawanywa kwa mbili a.

Alisita, gazeti mkononi.

"Madam, fanya mbio," msimamizi wa mtihani aliyetoka mjini Arua alimhimiza kutoka mlangoni. "Watoto iko nje. Na mwalimu akiongea na wao, matokeo ya shule mzima inafutwa. Mwalimu mwenyewe anafukuzwa kazi, anarudi kwao Koboko kuuza nyanya."

"Sawa, mzee."

Nje ya dirisha, watahiniwa arobaini walipanga foleni wakipekuliwa mifuko. Msichana wa mbele alifumba macho, akaandika kwa kidole kiganjani, midomo ikimcheza. Hasi b. Jumlisha au toa. Kisha mstari, mfupi vilevile.

Gazeti lilimponyoka Sumayah, likaanguka vumbini.

Alishika vyuma vya dirisha kwa mikono iliyojaa uji.

"Wanangu!" alipaza sauti. "Mstari uanzie chini ya hasi b!"