Sanduku la Mwaka wa Pili

"La nani?" Thobias aliuliza, mbao mkononi.

Mwalimu Pastory akacheka. "Si la mtu, fundi. La mtihani. Sanduku la nguo tu, la kawaida. Vipimo nimekuandikia pale ukutani."

Thobias hakuzoea kukata mbao bila kujua mwenyewe ni nani. Ila leo haikuwa siku ya kubishana. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba fundi aliyejifunzia kazini atahesabiwa kazi yake kama masomo: akionyesha ujuzi mbele ya mwalimu, anaruka mwaka wa kwanza na kuingia wa pili. Karakana moja ya samani kule Mwandiga ilishamwahidi nafasi, lakini cheti kwanza. Mwaka mmoja angeuvumilia. Miwili asingeiweza, na ingebidi arudi kambini alikotoka. Aliogopa kurudi huko, tena aliogopa sana.

Akaanza kupiga randa.

"Huko kambini ulikuwa unatengeneza nini hasa?" Pastory aliuliza. "Vitanda, nadhani. Wakimbizi wote wale, lazima walale."

"Walilala, mwalimu."

"Wateja walilalamika?"

"Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Una maringo wewe," Pastory alisema, lakini jibu lilimfurahisha.

Maringo gani, maskini. Huyu ni mtu asiyepata usingizi. Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu wakajazana Kagunga, kwao Thobias, kisha wakahamishiwa kambini, shirika moja lilitafuta seremala mwenye mkono mwepesi, naye akaenda nao. Tangu hapo harufu ya mbao mbichi ilimrudisha kwenye banda alilofanyia kazi huko, watu wamepanga foleni mlangoni asubuhi, kimya, kila mmoja na kamba yenye fundo. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao. Kamba fupi alizishughulikia kwanza. Hakuna aliyebishana juu ya mbao wala rangi, na kila mmoja alitaka kazi yake siku ile ile.

Nyumbani kwake Buzebazeba walikalia viti vya plastiki. Scola, mkewe, hakutaka hata kigoda kilichotoka mkononi mwa mumewe. Majirani walimtania kwamba mganga hajigangi, naye akawaacha waseme.

Kufikia adhuhuri sanduku lilikuwa limesimama. Pastory akagonga pembe zake kwa kidole, akapitisha kiganja ukingoni asikute hata kibanzi. Kilichomshangaza ni kwamba Thobias alikuwa amepiga msasa ndani kwa uangalifu kuliko nje.

"Ndani nani atapaona?"

"Ndiko panapogusa, mwalimu."

Pastory akatikisa kichwa. Kwa miaka yote aliyosimamia mitihani hakuwa ameona pembe zilizokaa vile, na alimtakia mtu huyu mema. "Sikiliza, fundi. Mwaka wa pili ni wako, hilo nalisema mapema. Bado kifuniko tu. Kimalizie, mimi nikanywe chai."

Thobias aliinamisha kichwa kushukuru. Akainua nyundo.

Pastory aliisikia kule alikokuwa anakunywa chai: mapigo ya haraka, ya mtu anayeijua kazi yake. Aliporudi, nyundo ilikuwa imenyamaza. Bawaba na kitasa vilikuwa bado mezani, ndani ya karatasi yake. Kifuniko kilikuwa kimekaa sawasawa, kimepigiliwa misumari pande zote nne. Thobias alisimama kando yake, kofia ameivua, macho chini, kama anayewasubiri watu waje kubeba.

"Fundi, umefanya nini?" Pastory aliuliza. "Nguo zitatokaje humu?"

Thobias akazitazama bawaba.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Kule hakuna aliyetoka."